Umetoka jeshini Marekani lakini tarehe yako haijafika: namna ya kukaa IRR (akiba ya jeshi ya watu wasio na kikosi) na kuomba kuahirishiwa wito

Itoe DD 214 yako, yaani hati uliyopewa ulipotoka jeshini, usome kisanduku namba 6. Hiyo ndiyo tarehe ambayo wajibu wako wa akiba unakwisha. Kisha soma namba 9 uone umehamishiwa wapi. Mimi niliikunja siku niliyokabidhiwa, nikaitia kwenye faili, nikaja kuisoma vizuri baada ya miaka miwili.

Kwa kawaida, anayejiunga kwa mara ya kwanza anafungwa na miaka 8 kwa jumla. Ukitumikia 4 kambini na usijiunge na kikosi cha akiba, 4 inayobaki unakuwa IRR: huvai sare, huna mazoezi ya kila mwezi, huna mshahara, lakini unaweza kuitwa. Mwaka 2004 jeshi la nchi kavu lilitangaza kuwaita watu takriban 5,600 wa IRR kwa ajili ya vita vya Iraki na Afghanistan. Wengi walikuwa wameshaanza maisha mengine.

Hatua iliyoniumiza ni anwani. Nilihama, nikabadilisha anwani posta, nikadhani yamekwisha. Barua ya kuitwa kwenye uhakiki wa mwaka ilinifikia na kibandiko cha njano cha posta juu yake, siku tisa baada ya tarehe ya kuripoti. Nilisimama mlangoni nayo, mikono inatetemeka. Posta haiwaambii jeshi. Wewe ndiye unayetakiwa kisheria kuwajulisha, tena si anwani tu: ndoa, idadi ya wanaokutegemea, kazi ya kiraia na hali ya afya pia. Andikia ofisi ya utumishi ya tawi lako, omba uthibitisho kwa maandishi, utunze. Mimi nilipiga simu kwanza. Wiki sita baadaye sikuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba nilipiga.

Ukipata amri ya kurudi kazini, soma tarehe ya kuripoti kabla ya kitu kingine. Kuna maombi ya aina mbili, usiyachanganye: kuahirishiwa, yaani utakwenda ila baadaye, na kusamehewa, yaani usiende kabisa kwa amri hiyo. Tuma mapema, kabla ya tarehe ya kuripoti. Maelezo matupu hayasaidii. Kama ni ugonjwa, weka ripoti ya daktari inayosema nini huwezi kufanya na kwa muda gani. Kama ni mzazi unayemuuguza, onyesha kwa nyaraka kwamba hakuna mwingine wa kumshika. Na ombi si ruhusa, ndugu yangu. Usikae nyumbani ukisubiri bila jibu la maandishi mkononi.

Mwajiri mwambie mapema. USERRA, sheria ya Marekani ya haki za kazi za wanaotumikia jeshini, inalinda kazi yako, na ukitumikia zaidi ya siku 180 una siku 90 za kuomba kurudishwa kazini.

Walio maafisa wasikilize hapa: tarehe ya kisanduku namba 6 ikipita, askari wa kawaida huachishwa, lakini kamisheni yako, yaani uteuzi wako wa uafisa, haifi yenyewe. Usipoandika barua ya kujiuzulu unaweza kubaki kwenye orodha na kuitwa miaka mingi baadaye. Iandike, na usiache kufuatilia mpaka upokee amri ya kuachishwa yenye jina lako.