Kabla hujaifungua tena lupu ya PC yako ya maji kisa joto, soma hapa kwanza

Wakuu, kila nikikutana na mtu aliyejenga PC ya maji (inayopozwa na maji yanayozunguka kwenye mzunguko uitwao lupu) kwa mara ya kwanza wimbo ni mmoja: nimemwaga hela yote hii, pampu, rejeta mbili, bloku zinang'aa kama nini, mbona CPU (prosesa) bado inagonga digrii 90? Na kabla hujamaliza kumsikiliza ashaagiza pesti mpya na rejeta ya tatu, mzigo uko njiani. Tulia kwanza. Kumwaga maji, kufungua, kusafisha, kujaza na kutoa hewa ni kazi ya siku nzima na kila ukifungua unajipa nafasi nyingine ya kuvujisha maji juu ya GPU (kadi ya picha) ya mamilioni, kwa hiyo usiguse hata fitingi moja mpaka ujue joto limekwama wapi.

Maana linaweza kukwama sehemu mbili tu. Joto linatoka kwenye chipu kwenda kwenye maji, hapo kazi ni ya bloku (kile chuma cha maji kinachokaa juu ya chipu), pesti inayopakwa kati yao, na jinsi ulivyofunga. Alafu linatoka kwenye maji kwenda kwenye hewa, hapo kazi ni ya rejeta, feni na kesi yenyewe (boksi la PC). Dawa ya sehemu moja haitibu nyingine, ukiongeza rejeta wakati shida ni bloku iliyokaa upande utakuwa na maji ya baridi na CPU ya moto vilevile.

Kwa hiyo kabla ya chochote tafuta namba tatu: joto la hewa inayoingia kwenye rejeta, joto la maji, na joto la chipu. Watu wengi wana hiyo ya tatu tu na ndo wanaitolea machozi. Ya maji inahitaji sensa, ni kifitingi kidogo chenye waya mbili, bei sio kitu ukilinganisha na ulichokwisha kutumia, na madabodi nyingi za daraja la kati kwenda juu zina pini mbili za kuchomeka sensa ya namna hiyo, angalia kitabu cha madabodi yako, kama hazina kuna vikontrola vya pembeni. Ndio, kuifunga sensa kwenye lupu kunamaanisha kumwaga maji, kwa hiyo kama ndo kwanza unajenga iweke tangu siku ya kwanza, na kama ulishajaza tumia mbinu ya muda, bandika kisensa cha joto cha multimita kwenye fitingi ya chuma iliyo karibu na tenki, ifunike na kipande cha sponji na tepu ili isisome hewa ya nje, utapata namba ya kukaribia. Ya hewa usipime mezani. Pima pale feni inapovuta, maana ndani ya kesi au karibu na ukuta hewa inaweza kuwa na digrii tano zaidi ya chumba na we hujui.

Hapo kwenye hewa ndo wenzetu wanapoumia bure. Maji ya lupu hayawezi kuwa baridi kuliko hewa inayopita kwenye rejeta, hata uweke rejeta ukutani. Mtu yuko Dar, mwezi wa pili, chumba hakina AC, ndani 31, anaangalia video ya jamaa wa Ujerumani kwenye chumba cha 20 na CPU yake 65, alafu yeye ana 76 anaona kajenga vibaya. Hajajenga vibaya, wako sawa kabisa, tofauti ni hali ya hewa. Ndo maana usilinganishe joto tupu, linganisha tofauti, maji yamezidi hewa kwa ngapi na chipu imezidi maji kwa ngapi. Mtu wa Nairobi ana raha ya ubaridi ila naye ana lake, mji uko juu kama mita 1,700 na hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, feni ileile kwa spidi ileile inabeba joto pungufu kuliko ambalo ingebeba Mombasa.

Kupima nako kuna namna. Dakika tano za Cinebench (programu ya kupima nguvu ya CPU) zinadanganya, maana maji yanachelewa kupanda, lita moja ya maji inakula jouli kama 4,200 kupanda digrii moja, ukichanganya na shaba ya rejeta na bloku inachukua nusu saa na zaidi mpaka yatulie. Funga madirisha au yaache wazi, AC iwashe au izime, ila chagua moja na ubaki nayo, alafu cheza gemu lako zito dakika 40 huku HWiNFO (programu ya kusoma sensa za PC) inarekodi. Andika namba zote mahali, pamoja na wati za CPU na GPU na spidi ya feni. Ukibadilisha kitu chochote baadae bila hizi namba za mwanzo utabaki kusema "naona kama imepoa", na hiyo haina maana yoyote.

Sasa kuzisoma. Maji yakizidi hewa kwa digrii 10 hivi mashine ikiwa kwenye mzigo, una lupu nzuri sana. 15 ni kawaida, watu wanaishi hapo kwa amani na feni zao kimya. Ikizidi 20 upande wa rejeta na feni una tatizo. GPU yenye bloku ikiwa na 10 mpaka 20 juu ya maji ni sawa, chipu yake ni kubwa na imelala wazi kabisa. CPU ndo mtoto mkorofi, chipu ni ndogo, joto lote limebanwa sehemu moja, juu yake kuna kifuniko cha chuma, kwa hiyo kuona digrii 40 juu ya maji ukiwa unasukuma wati 200 sio ajabu wala sio kosa lako. Kwahiyo ukiona hewa 31, maji 43, GPU 56, CPU 89, usiiguse rejeta. Haina hatia.

Na hapa kabla ya kushika bisibisi, ingia BIOS (menyu ya mipangilio ya madabodi). Hapa ndo penye faida kubwa kuliko sehemu zote na ni bure. Ryzen 9 7950X imeandikwa TDP (kipimo cha joto lake) ya wati 170 lakini inaruhusiwa kuvuta mpaka wati 230, na AMD waliitengeneza familia ya 7000 ipande mpaka 95 ukiipa mzigo wote, yani ukiipa ubaridi zaidi yenyewe inaongeza spidi mpaka irudi kulekule 95. Mtu anabadilisha pesti mara tatu anaona bado 95, kumbe ndo ilivyoundwa. Washa Eco Mode ya wati 105, au cheza na Curve Optimizer kushusha voltiji kidogokidogo, joto linashuka sana na kwenye gemu hutaona tofauti ya maana. Upande wa Intel, i9-13900K kikomo chake rasmi ni wati 253, lakini madabodi nyingi zilikuwa zinaachia mlango wazi inavuta zaidi ya hapo, kirudishe kikomo. Na kama una kizazi cha 13 au 14 hakikisha BIOS ina apdeti ya 0x129 ya Agosti 2024 au ya baada ya hapo, ile ya kuzuia voltiji iliyopitiliza, hiyo sio ya joto tu, inalinda chipu isife mapema. GPU nayo shusha voltiji. RTX 4090 ni wati 450, kila wati usiyoichoma ni wati ambayo rejeta haina haja ya kuitoa.

Kama BIOS ishatulia na maji bado yanapanda sana, fanya jaribio la dakika 40 ambalo haligharimu hata senti. Toa paneli ya kioo ya mbele, toa na ya pembeni, endesha mzigo uleule. Maji yakishuka digrii nne tano basi tatizo sio rejeta, ni kesi inayokaba pumzi, na hakuna pampu ya dunia hii itakayokusaidia. Kesi za kioo mbele zina urembo wake ila hewa inapenya kwenye kaupenyo ka pembeni tu. Angalia pia kama rejeta ya juu inatoa hewa ambayo rejeta ya mbele imeshaipasha, hapo ya pili inafanya kazi na hewa ya 38 na huwezi kuilaumu. Vichungi vya vumbi navyo, kwa miji yetu hii, mwezi mmoja tu vinakuwa blanketi. Na feni, rejeta nene yenye mapezi yaliyobanana inataka feni za presha, zile za rangirangi tulizopewa na kesi mara nyingi zinapepea tu.

Mtiririko wa maji watu wanauogopa kuliko inavyotakiwa. Lita 4 kwa dakika zinabeba wati 280 kwa kila digrii moja, kwa hiyo lupu ya wati 400 tofauti kati ya sehemu ya moto zaidi na ya baridi zaidi haifiki digrii mbili. Ndo maana ubishi wa rejeta ianze au CPU ianze hauna kichwa wala miguu, panga paipu zako zipendeze basi. Ila ukishuka chini ya lita moja kwa dakika hapo mambo yanabadilika, na sababu kawaida ni tatu: pampu imewekwa spidi ya chini kwenye BIOS kama vile ni feni ya kesi, hewa imekwama kwenye bloku, au uchafu. Kuna na ya nne inayochekesha, maji kuingizwa kwenye tundu la kutokea. Bloku nyingi za CPU zina upande wake wa kuingilia, maji yanatakiwa yapigwe katikati juu ya chipu, ukigeuza inafanya kazi ila digrii kadhaa zinapotea hivihivi.

Sasa kama namba zinasema kweli shida ni kati ya chipu na maji, bloku inabidi itoke, na habari njema ni kwamba kama una mipira laini mara nyingi unaweza kuinyanyua bloku ya CPU bila kumwaga maji. Inyanyue wima, usiisugue, alafu tazama alama ya pesti. Pesti inatakiwa iwe nyembamba kiasi cha kuona chuma kwa mbali pale katikati, na iliyozidi imesukumwa pembeni. Ukikuta upande mmoja ni nene kama siagi na upande mwingine imekauka, ulikaza skrubu moja mpaka mwisho kabla ya nyingine, next time kaza kwa msalaba, mizunguko miwili miwili. Angalia kama ile nailoni ya kulinda chuma cha bloku bado ipo, usicheke, wapo wengi. Kwa soketi ya LGA1700 (ya Intel kizazi cha 12 mpaka 14) ujue kabisa kibanio chake kinapindisha CPU kidogo katikati, kuna fremu ya kubadilishia ya bei ndogo na inasaidia digrii kadhaa. Kwa GPU shida kubwa ni unene wa padi (vile vipande laini vya kupitisha joto kati ya memori na bloku), ukiweka padi nene kuliko alivyoandika mwenye bloku chuma hakiikalii chipu vizuri, utaona sehemu ya joto kali kabisa ya chipu iko digrii 25 au 30 juu ya wastani.

Na kama ni lazima umwage maji, usianze Jumapili usiku na vifaa nusu. Maji yawe yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, distilidi, sio ya bomba na sio ya kunywa ya chupa. Ukienda duka la vipuri vya magari ukaomba maji ya betri soma lebo, maana kuna duka watakupa tindikali na hiyo itakula kila kitu. Weka na dawa ya kuzuia ukungu au nunua kulanti (maji maalum ya kupoza) ya PC, ila kulanti ya gari acha kwenye gari. Rejeta mpya suuza kwa maji distilidi ya uvuguvugu, tikisa, mwaga kwenye bakuli jeupe uone, rudia mpaka yasitoke mabaki ya kulehemu, kwa sababu hayo yakienda yanakwama kwenye mapezi ya bloku ambayo nafasi yake ni ndogo kuliko milimita. Hakikisha hakuna alumini popote kwenye lupu ya shaba, rejeta za bei ya kutupa zina hiyo tabia, na metali hizo mbili zikikaa kwenye maji mamoja alumini inaliwa taratibu mpaka itoboke. Fitingi na oringi (zile pete za mpira za kuzuia kuvuja) za akiba ziwe mkononi, kwa sababu ukikosa fitingi moja ya kona huku kwetu PC italala mifupa wazi wiki tatu ikisubiri kifurushi.

Ukijaza, washa pampu peke yake, waya wa pawa saplai wa kijani uunganishe na mweusi kwenye plagi ile kubwa iliyochomolewa kwenye madabodi, tishu nyeupe chini ya kila fitingi uone kama inavuja, acha izunguke saa kadhaa. Inamisha kesi mbele, nyuma, kushoto, utasikia vipovu vinacheka kwenye pampu. Hewa iliyobaki inajitoa yenyewe kwa siku kadhaa na kina cha tenki kitashuka, ongezea. Namba za mwisho usizichukue siku hiyo, chukua vipovu vikiisha, saa ileile, gemu lilelile, na dirisha lile ulilochagua mwanzo likiwa vilevile. Alafu zipange feni zifuate joto la maji, sio la CPU, hazitakuwa zinapanda na kushuka kila ukifungua kivinjari: zianze taratibu maji yakiwa digrii 5 juu ya chumba, zifike mwisho yakiwa 15 juu. Kwa Dar hiyo ni kama 36 mpaka 46, bado mbali na 60 ambayo ndo kikomo cha pampu za D5 na DDC, na kama paipu zako ni PETG (aina ya plastiki ngumu) usitamani hata kuikaribia, zinaanza kulainika na kuchomoka kwenye fitingi.