Kupiga Kibodi Mkahawani Bila Kufunika Maongezi ya Meza

Unapopiga muziki wa kibodi mkahawani, iangalie meza iliyo karibu nawe kuliko zote. Watu wawili wakianza kuinamiana ili wasikilizane, punguza sauti papo hapo. Usingoje meneja aje kukunong'oneza. Kazi ya kupiga kibodi peke yako watu wakila hupimwa kwenye meza hiyo, wala si kwenye wepesi wa vidole vyako.

Maongezi ya kawaida, ukiwa mita moja kutoka kwa msemaji, hufika karibu desibeli 60. Pakua programu ya kupima sauti kwenye simu, weka simu juu ya meza hiyo ukumbi ukiwa bado mtupu, kisha urekebishe muziki ukae kati ya 55 na 60. Simu haina usahihi wa kifaa cha fundi, lakini itakuonyesha ukivuka mpaka. Mtego huja mwendo wa saa mbili usiku ukumbi unapojaa: wateja wanapaza sauti, nawe unaongeza, nao wanapaza zaidi, na baada ya nusu saa kila mtu anapiga kelele. Ongeza mara moja tu, kidogo, halafu usiiguse tena.

Sauti ya kibodi nayo ina makosa yake hata ikiwa chini. Konsonanti, ambazo ndizo hutofautisha neno na neno, hukaa zaidi juu ya hezi 1,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti). Noti ya C iliyo oktava mbili juu ya C ya kati tayari imefika hezi 1,000 na ushei, kwa hiyo mkono wa kulia ukirandaranda huko juu unagongana na maneno ya watu. Shusha wimbo oktava moja. Chagua piano laini au piano ya umeme badala ya ile yenye mng'ao mkali, na upunguze sauti za kati kwenye spika kwa desibeli mbili au tatu.

Spika moja ya inchi 8 au 10 inatosha ukumbi wa watu hamsini. Usiiweke kwenye pembe ya kuta mbili, maana besi itavimba na kuvuma. Ipandishe kwenye stendi ipite vichwa vya waliokaa, ielekee katikati ya ukumbi. Ikiwa sakafuni, meza ya mbele inapigwa na ya nyuma haisikii kitu. Ukitumia spika moja, chomeka waya kwenye tundu lililoandikwa L/MONO, kisha ujaribu sauti kadhaa za piano. Baadhi zimerekodiwa kwa stereo pana, na zikibanwa kwenye spika moja hutoa mlio wa kopo tupu.

Sasa stima. Muulize meneja, stima ikipotea, jenereta huchukua sekunde ngapi kuwaka. Hata sekunde tano zinatosha kuizima kibodi, na ikiwaka tena inarudi na sauti ya kiwandani kwa ukubwa wa kiwandani, katikati ya chakula cha watu. Dawa ni UPS ndogo ya VA 600, kifaa chenye betri kinachoshika papo hapo stima ikipotea: kibodi na spika ndogo zitavuka pengo hilo bila kutikisika. Kama kibodi yako inakubali betri, zitie kisha ujaribu nyumbani: chomoa adapta ukiwa unacheza, usikie kama inaendelea. Chomeka kibodi na spika kwenye ekstensheni moja, wala usitumie soketi ya friji ya vinywaji, la sivyo utapata mngurumo usioisha. Zima pia ile hali ya kujizima yenyewe. Kwenye kibodi nyingi ndogo za Yamaha, unabonyeza noti ya chini kabisa huku ukiwasha.

Pedali ya kurefusha noti huaibisha watu wengi kwa kosa dogo. Kibodi nyingi husoma pedali wakati zinapowashwa. Mguu wako ukiwa umeikanyaga dakika hiyo, itafanya kazi kinyume: ukiachilia noti zinaendelea kulia, ukikanyaga zinakatika. Wengi hudhani pedali imeharibika na kuanza kutafuta nyingine. Ondoa mguu, zima, washa upya.

Kazi ya kuanzia saa moja hadi saa nne usiku hugawanywa raundi tatu za dakika 45, na mapumziko katikati. Kwa nyimbo za dakika nne, raundi moja inakula kumi na moja hivi, kwa hiyo njoo na 45 zilizo tayari, si 33. Za ziada ni za siku ambayo ukumbi unakataa ulichopanga. Raundi ya kwanza iwe bosanova na jazi tulivu. Ya pili zilizopendwa na rhumba. Chakula cha mchana cha Jumapili kinapokea tenzi bila shida.

Kwa rhumba, mkono wa kushoto ubebe besi tu, noti moja moja. Wa kulia uimbe wimbo na noti mbili za kordi chini yake. Kordi nzito zilizobanana chini ya C ya kati hugeuka mvumo kwenye sakafu ya vigae. Ngoma za kibodi zinavutia, lakini zikipigwa zote mkahawa unageuka ukumbi wa harusi; acha kayamba peke yake, chini kabisa. Na ukifika mahali pa sebene, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, rudi mwanzo wa ubeti. Sebene huinua watu vitini, na hapa sahani zingali na nyama.

Keki ya siku ya kuzaliwa haitangazwi. Weita wanatoka jikoni wakiimba na kugonga sinia, kwa ufunguo wowote waliojikuta nao. Usiwaburute kwenye wako. Tafuta noti yao kwa besi, pole pole, kisha ingia na kordi. Ukitumia kitufe cha kuhamisha ufunguo, kirudishe sufuri kabla ya wimbo unaofuata.

Mikahawa ya bustanini huko Karen, Nairobi, ina adha yake: Julai usiku baridi hukaza vidole, na umande hutua juu ya kibodi. Beba kitambaa kikavu, na karatasi ya nailoni kwa miezi ya mvua.

Malipo yakubaliwe kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp: saa, raundi, chakula chako, nauli ya kurudi na kibodi ya kilo 12 saa tano usiku, na nusu ya pesa kwa M-Pesa kabla ya siku yenyewe. Mikahawa mingi itakuomba ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya), kwa sababu tangu 2024 gharama isiyo na ankara hiyo haikubaliwi kwenye hesabu zao za kodi. Jisajili mapema kwa PIN yako ya KRA. Mhasibu asiye na ankara ana sababu nzuri ya kukuambia urudi mwisho wa mwezi.