Jinsi ya kuzidaka furaha ndogo ndogo kabla hazijakupita (njia ya fundi cherehani)

Mimi ni fundi cherehani, kibaraza changu kipo Kariakoo na naishi Kigamboni, kwa hiyo kila siku ya Mungu navuka na kivuko asubuhi na jioni. Hii njia sikufundishwa na mtu, huu ni mwaka wa tatu naifanya na nimekosea vya kutosha.

Ilianza na kauntabuku. Siku moja nafunga hesabu za mwezi nikaanza kupekua kurasa za nyuma, nikakuta kila kilichoharibika nimekiandika: sindano tatu zimevunjika, kitenge cha mteja nimekikata vibaya nikalipa, fulani namdai elfu kumi na tano na siku hizi anapita ng'ambo ya barabara ili tusionane. Magauni yaliyotoka vizuri yakaenda kuvaliwa harusini, hata mstari mmoja hamna. Yaani ungelisoma lile daftari ungesema huyu jamaa aliteseka mwezi mzima, wakati mimi nakumbuka tulicheka sana mwezi ule, ila nini kilituchekesha nikiulizwa siwezi kusema. Hapo ndo nikashtuka. Baya linajiandika lenyewe, zuri lisipopata karani linapotea.

Hatua ya 1: Chagua kipande kimoja tu cha siku

Usianze na siku nzima, ukifika Jumatano utakuwa umechoka na umeacha. Mimi wiki ya kwanza nilijaribu kuwa macho kutwa, nikawa namkodolea macho kila anayepita, mpaka jirani yangu wa ovaloki akaniuliza kama kuna mtu ananitafuta. Chagua kitu unachofanya kila siku hata usipotaka: kusubiri chai ichemke, kufungua duka, kumvalisha mtoto soksi, foleni ya mwendokasi (hii ngumu aisee, lakini inawezekana). Mimi nilichagua kivuko, toka mlango unafungwa Kigamboni mpaka unafunguliwa Magogoni. Ni dakika chache tu, ndo ofisi yangu ya furaha hiyo. Sehemu nyingine za siku endelea kulalamika kama kawaida.

Hatua ya 2: Anza na pua au sikio, mawazo yaje baadaye

Ukijiuliza "nini kinanifurahisha sasa hivi" kichwa kitakuletea ada ya shule na kodi, kazi yake hiyo. Kwa hiyo usikiulize. Nusa, sikiliza. Kwenye kivuko kuna harufu ya chumvi imechanganyika na dizeli, kuna ndoo ya dagaa ya mama mmoja, kuna mtu katia mafuta ya nazi kichwani. Ukishuka upande wa pili unamsikia muuza kahawa anagonga vikombe, hata kama hunywi kahawa ile sauti unaisikia mpaka kwenye meno.

Mfano mzuri kuliko yote ni mvua ya kwanza baada ya kiangazi, ile harufu inayopanda kwenye vumbi. Mwaka 1964 wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliipa jina kabisa, petrikori. Sehemu yake kubwa inatokana na kitu kinaitwa jiosmini, kinatengenezwa na bakteria wa kwenye udongo, na pua ya binadamu ni kali sana kwa hicho kitu, kidogo tu unakidaka. Manyunyu ndo yanairusha vizuri hewani kuliko mvua ya kumwagika. Sasa sikiliza ujanja wake: pua inazoea. Ukikaa dakika kadhaa huisikii tena hata kama bado ipo. Kwa hiyo ukianza kukimbia kuanua nguo, sawa anua, ila vuta pumzi kwanza, maana ukirudi utakuta imebaki mvua tu. Na ndivyo ilivyo kwa vingi vizuri, gari jipya, nyumba mpya, mke pia (mama watoto asisome hapa), havijaondoka, ni sisi tumezoea.

Hatua ya 3: Pumzi tatu

Hii ndo hatua yenyewe, ukiruka zingine usiruke hii. Kitu kizuri kikitokea usikiache kipite kama daladala iliyojaa, kaa nacho kwa pumzi tatu za taratibu. Nimejaribu moja, haitoshi. Ukifika tano watu wanaanza kukuona mchawi.

Juzi kuna mama kaja kuchukua gauni la harusi ya binti yake. Kaingia nyuma ya pazia, katoka, kasimama mbele ya kioo, kimya. Kageuka upande, kashika kiuno, kavuta mkono kuona kama kwapa linabana, halikubana. Halafu akaanza kucheza, muziki hamna, bega moja tu la kushoto, taratibu, kama yuko kwenye taarabu na anaenda kutunza. Zamani hapo hapo ningeshasema "mama imebaki elfu ishirini". Siku hizi natoa mguu kwenye pedali, natulia na mkasi mkononi, pumzi ya kwanza naangalia bega, ya pili naangalia pindo linavyofuata, ya tatu najiambia kimoyomoyo, huu mshono ni wangu. Ndo nikadai elfu ishirini yangu, na akalipa yote.

Ukiwa kwenye zile pumzi vitaje vitu kwa udogo wake. Usiseme "maisha ni mazuri", sema bega, pindo, kioo chenye ufa.

Hatua ya 4: Simu ibaki mfukoni, au piga kipande tu

Najua utabisha. Mwaka 2014 mwanasaikolojia wa Marekani, Linda Henkel, alichapisha utafiti alioufanya kwenye makumbusho: watu waliopiga picha ya kitu kizima walikumbuka machache kuliko waliokiangalia tu kwa macho. Ila walioambiwa wavute kamera kwenye sehemu moja ya kile kitu, kumbukumbu yao haikuharibika. Kwa hiyo kama lazima upige, angalia kwanza, halafu piga kidole kinachomenya embe, achana na sinia zima.

Hatua ya 5: Mwambie mtu siku hiyo hiyo

Fupi tu, wakati wa kula. Mimi namwambia mama watoto, yeye ananiambia la kwake, mara nyingi la kwake linachekesha kuliko langu.

Hatua ya 6: Andika, lakini usizidishe

Geuza kauntabuku, anzia ukurasa wa mwisho kuja mbele. Mstari mmoja. Marufuku kuandika "afya, familia, uzima", hivyo utaviandika kila siku mpaka vipoteze ladha. Mwanzoni niliandika kila usiku, baada ya mwezi ikawa kama kusaini mahudhurio. Baadaye nikaja kusoma kwamba Sonja Lyubomirsky na wenzake huko Marekani waliwapa watu zoezi la kuhesabu mema yao kwa wiki 6, waliofanya mara moja kwa wiki ndo waliopanda furaha, wa mara tatu hawakupata kitu. Sasa naandika Jumamosi tu nikifunga.

Siku ikigoma

Usilazimishe. Alipofariki mama yangu sikuandika kitu muda mrefu, na mtu angeniambia nitafute la kufurahia ningemfukuza kibarazani. Mstari wa kwanza kurudi ulikuwa kikombe cha chai ya tangawizi, jirani alikiweka kwenye meza ya cherehani akaondoka bila kusema neno. Na kama zinapita wiki mbili mfululizo hakuna chochote kina ladha, usingizi hamna, chakula hakipiti, hapo weka daftari pembeni uende ukaonane na daktari.

Leo Jumamosi nimeandika hivi: kivukoni mtoto kashika sketi ya dada asiyemjua akidhani ni mama yake, yule dada kaona, akatembea polepole mpaka mama halisi akafika.