Kupima na Kutunza Gliserini Unapotengeneza Kitakasa Mikono

Gliserini, ambayo katika vitabu vya kemia huitwa gliseroli, ni kimiminika kizito kisicho na rangi wala harufu, chenye ladha tamu, na huchanganyika na maji kwa kiwango chochote. Kwa kuwa huvuta unyevu na kuushikilia, Shirika la Afya Duniani limeiweka katika fomula yake ya kitakasa mikono, ili ngozi ya muuguzi anayetumia ethanoli, yaani alkoholi inayoua vijidudu, zamu nzima isikauke na kupasuka. Maelezo haya ni ya kutengeneza lita 10 katika chumba cha dawa cha hospitali.

Hatua ya kwanza ni kuihakiki gliserini kabla ya kufungua dumu. Pokea ile ya daraja la dawa pekee, yenye cheti cha uchambuzi kinachoonyesha kwamba imepimwa na kukutwa haina daiethilini glaikoli, sumu inayoharibu figo. Sumu hiyo nayo ni tamu na haina rangi, kwa hiyo huwezi kuitambua kwa macho wala kwa ulimi. Watoto wengi walikufa Haiti mwaka 1995 na 1996, na watu wengine Panama mwaka 2006, baada ya kunywa dawa za maji zilizotengenezwa kwa sumu iliyouzwa kama gliserini. Ni kweli kwamba kitakasa mikono hakinywewi, lakini dumu hilohilo kesho laweza kuchukuliwa kutengenezea dawa ya kikohozi, na ndiyo sababu sikubali dumu lisilo na cheti lipite mlangoni.

Hatua ya pili ni kupima. Mimina mililita 8,333 za ethanoli ya asilimia 96 katika chombo chenye alama ya lita 10, kisha ongeza mililita 417 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ukiwa umevaa glavu na miwani ya kinga. Baada ya hapo weka mililita 145 za gliserini ya asilimia 98. Hapa ndipo vipimo huharibika, kwa sababu gliserini hunata kwenye kuta za silinda ya kupimia na sehemu yake hubaki humo hata ukiiinamisha kwa muda mrefu. Suuza silinda hiyo kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, kisha uyamimine maji hayo ndani ya mchanganyiko. Ukiwa na mizani nzuri, pima takribani gramu 182 badala ya ujazo. Katika maeneo ya baridi kama Njombe, ambako gliserini huwa nzito zaidi, liweke dumu kwanza ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Usizidishe kipimo ukidhani unaisaidia ngozi, kwani mikono itanata na wahudumu wataacha kukitumia kitakasa.

Hatua ya tatu, jaza maji hayohayo hadi alama ya lita 10, funika mara moja ili ethanoli isipotee hewani, changanya taratibu, kisha gawa katika chupa na uziweke kando kwa saa 72, muda ambao peroksaidi huua vijimbegu vya bakteria vilivyoingia kwenye mchanganyiko au chupa. Kazi yote ifanyike mbali na moto.

Gliserini yenyewe haishiki moto kwa urahisi, na huchemka kwenye nyuzi 290 za Selsiasi, ila ikiunguzwa hutoa akrolini, mvuke unaochoma macho na koo. Hatari kubwa zaidi iko stoo. Gliserini ikigusana na pamanganeti ya potasiamu, ile dawa ya fuwele za zambarau, mchanganyiko huanza kufuka moshi kisha huwaka wenyewe bila kiberiti, na unga wa klorini wa kutakasia maji nao waweza kuiwasha, kwa hiyo vitu hivi visikae rafu moja. Ikimwagika sakafuni huteleza mno. Ifunike kwa mchanga, izoe, kisha osha kwa maji ya moto na sabuni, na kamwe usiinyunyizie unga wa klorini. Dumu lifungwe kabisa kila baada ya matumizi, kwa sababu likiachwa wazi gliserini hunyonya unyevu wa hewani, nayo asilimia 98 iliyoandikwa kwenye lebo haitakuwa kweli tena.