Somo: Busaa ya wimbi, pombe ya kienyeji, kutoka kimera hadi oseke (mrija wa kunywea)

Tayarisha gorogoro mbili za unga wa mahindi (kilo 4) wa kisiagi, nusu gorogoro ya wimbi, maji lita 15 na ndoo ya plastiki ya chakula. Chungu ni bora zaidi. Ndoo ya bati usiguse: uchachu wa busaa hula zinki.

Anza na kimera. Loweka wimbi usiku mmoja, chuja, litandaze ndani ya gunia lililoloweshwa, nyunyizia asubuhi na jioni. Siku ya 3 vijimizi vitakuwa vimeshikana kama mkeka. Anika hadi kikauke kabisa, saga. Wimbi la Kibuye, soko la Kisumu, huwa limekaa ghalani wakati mwingine, kwa hiyo otesha kiganja kimoja kwanza uone kama linaota.

Kanda unga na maji mpaka ushikamane ukiufumbata bila kuchuruzika. Shindilia kwenye ndoo, funika siku 3.

Sasa kukaanga, na hapa ndipo busaa nyingi huharibika. Tumia bamba la chuma na moto wa wastani, mafungu madogo, ukigeuza bila kupumzika. Vunja chenga moja: ikiwa ndani bado nyeupe, wanga haujaiva na kimera hakitaugeuza sukari, utapata uji mchachu. Inatakiwa iwe kahawia mpaka katikati, ikatike kwa meno, inukie mahindi ya kuchoma. Ikiungua, uchungu hautoki tena.

Acha chenga zipoe, tia maji ya uvuguvugu (ya moto huua kimera), koroga kimera, funika bila kukaza kwa sababu ya gesi. Kisumu siku 2 zinatosha. Nakuru kwenye baridi, 3 au 4. Povu likishuka, chuja kwa kitambaa safi.

Maswali

*Mwalimu, unga umeota ukungu mweusi. Nikaange tu?*
Hapana, mwaga wote. Moto wa kukaanga hauondoi sumu ya ukungu.

*Yangu imegeuka siki.*
Imekaa sana na hewa imeingia. Busaa ni ya kunywewa siku hiyo au kesho yake.

*Naweza kuuza?*
Ukiwa na leseni, kwa Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2010.

*Wazee kwetu hawachuji, hunywa kwa oseke.*
Sawa kabisa. Iweke chunguni na machicha yake, uongeze maji ya moto kidogo kidogo wanapokunywa (hapo kimera kimeshamaliza kazi yake). Kila mzee awe na mrija wake, na kichujio cha ncha kisuguliwe kabla hakijakauka.