Kurekebisha Ekzosi ya Pikipiki na Kuiseti Kabureta Upya

Anayebadilisha ekzosi ya pikipiki na kuiacha kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, kama ilivyotoka kiwandani amefanya nusu ya kazi, na nusu aliyoiacha ndiyo inayounguza valvu na kutoboa pistoni. Maelezo haya yanahusu pikipiki za injini ya CG125, muundo ambao Honda iliutoa mwaka 1976 na ambao viwanda vya China vimeunakili kwa wingi, hata spea zake zikapatikana karibu kila mji wa Afrika Mashariki. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 56.5 na mwendo wa pistoni ni milimita 49.5. Injini hupozwa kwa hewa, na kabureta yake ya kawaida ina slaidi, yaani kizibo kinachopanda na kushuka, inayovutwa moja kwa moja na waya wa resi. Pikipiki zinazoingiza petroli kwa kompyuta hazimo katika maelezo haya.

Petroli huungua kikamilifu inapochanganywa na hewa kwa uwiano wa karibu 14.7 kwa 1 kwa uzito, lakini injini hutoa nguvu kubwa zaidi mchanganyiko unapokuwa mzito kidogo, yaani wenye petroli nyingi zaidi, takriban 12.5 hadi 13 kwa 1. Ekzosi iliyo wazi zaidi hupunguza moshi unaobaki ndani ya silinda, hivyo nafasi ya hewa mpya huongezeka na mchanganyiko huelekea kuwa mwepesi, yaani wenye petroli kidogo. Mchanganyiko mwepesi huongeza joto, na injini isiyo na rejeta haina pa kulipeleka joto hilo pale pikipiki inapopanda mlima mrefu ikiwa na abiria na mzigo.

Kabla ya kushika grainda, ni vyema kujiuliza ekzosi mpya inatakiwa kufanya nini. Kutoboa matundu kwenye ekzosi ya zamani, au kuikata na kubakiza bomba tupu, huongeza kelele kuliko nguvu. Moshi unapotoka hutengeneza mawimbi ya mgandamizo yanayorudi kwenye valvu, na urefu wa bomba ndio unaoamua yarudi wakati gani. Ukilifupisha bomba la shingo, yaani lile linalotoka kwenye injini, faida huhamia kwenye mizunguko ya juu sana, na dereva wa bodaboda anayeondoka na mzigo kwa gia ya kwanza hupoteza nguvu hasa pale anapoihitaji. Kelele nazo ni kosa kisheria: nchini Kenya, kwa mfano, zina kanuni zake za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira. Hata pasipokuwa na askari wa trafiki, mtaani kuna wagonjwa na watoto wachanga wanaohitaji kulala, na fundi anayejali kazi yake huwahesabu hao pia.

Ninachopendekeza ni kuacha bomba la shingo lilivyo na kubadilisha chungu cha nyuma, kile kinachopunguza sauti, peke yake. Ndani ya chungu hicho pitisha bomba lililotobolewa matundu madogo ya milimita 3 pande zote, lenye kipenyo cha ndani kinacholingana na cha bomba la shingo, kisha jaza pamba ya kioo inayostahimili moto kati ya bomba hilo na ganda la nje. Chungu cha urefu wa milimita 350 hadi 400 kilichoshindiliwa pamba vizuri kina sauti ya kuvumilika, ilhali kifupi cha nusu ya hapo hupiga makelele hata kikijazwa pamba ya aina gani. Pamba isishindiliwe hadi ikawa ngumu, wala isiachwe ikilegea, kwa sababu iliyolegea hupeperushwa na moshi na kutoka yote baada ya muda mfupi.

Uchaguzi wa chuma ni suala la afya. Mabomba ya maji yenye mipako ya zinki yasitumike, kwa kuwa zinki inapochomelewa hutoa moshi unaomletea fundi homa na kifua kubana. Kromu ya ekzosi ya zamani nayo isagwe mpaka chuma cheupe kionekane kabla ya kuchomelea, kwa kuwa moshi wake una sumu mbaya zaidi, na kazi hiyo ifanyike mahali penye hewa ya kutosha huku fundi amevaa barakoa inayofaa. Ekzosi ivuliwe kabisa kwenye pikipiki kwanza, maana umeme wa mashine ya kuchomelea unaweza kuharibu CDI, kifaa cha umeme kinachoamuru cheche ya plagi.

Unapoirudisha, weka gasketi mpya kati ya kichwa cha injini na bomba la shingo. Jambo hili hupuuzwa sana, nalo ndilo huwapotosha mafundi wengi. Ekzosi inayovuja hapo hunyonya hewa ya nje, petroli iliyosalia hulipukia ndani ya bomba unapoachia resi, na fundi hudhani kabureta ndiyo yenye kasoro. Washa injini ikiwa bado ya baridi, kisha zibia mdomo wa nyuma kidogo kwa kitambaa kinene. Mvujo ukiwepo utausikia ukitoa mlio wa tiki-tiki.

Kabureta nayo isiguswe kabla ya kusafisha kichujio cha hewa, kupima tapeti (mwanya wa valvu) na kuweka plagi nzuri. Plagi ya kawaida ya injini hii ni NGK D8EA, yenye mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.7. Andika namba za jeti zilizomo, yaani vipande vyenye tundu la kupimia petroli, na nafasi ya klipu ya sindano inayoning'inia kwenye slaidi, ili uweze kurudi ulikotoka mambo yakiharibika.

Anza na jeti kubwa, ambayo hutawala resi inapokuwa wazi kuanzia robo tatu hadi mwisho, kwa sababu katika hali hiyo sehemu nyingine zina athari ndogo. Jeti nyingi za aina ya Keihin hupewa namba kwa kipenyo cha tundu katika sehemu za mia za milimita, kwa hiyo namba 100 ni milimita 1.00. Kutoka 100 hadi 105 kunaonekana kama hatua ndogo, lakini eneo la tundu limeongezeka kwa karibu asilimia 10. Ndiyo maana nakataa kabisa tabia ya kupanua jeti kwa waya au sindano ya cherehani: tundu hupoteza umbo, na hakuna anayejua tena ni namba ngapi. Nunua jeti mbili au tatu zinazofuatana juu ya iliyopo.

Jaribu kila moja kwenye barabara isiyo na watu wala magari, yenye mwinuko kidogo, kwa gia ya tatu, resi ikiwa wazi yote. Ukirudisha resi kidogo na injini ikavuta vizuri zaidi, mchanganyiko ni mwepesi, ongeza jeti. Ikivuta kwa uzito, ikikwama-kwama na kutoa moshi mweusi, umezidisha. Baada ya nusu kilomita hivi ya resi yote, shika klachi, zima injini papo hapo, simama pembeni na ufungue plagi kwa uangalifu, kwani ni ya moto. Kauri ya plagi ikiwa nyeupe kama chokaa ni dalili ya wepesi, masizi meusi makavu ni dalili ya uzito, na kahawia hafifu ndiyo inayotakiwa. Petroli isiyo na risasi, ambayo ndiyo pekee inayouzwa kwetu tangu mwaka 2006, huchelewa kuipaka plagi rangi, hivyo usihukumu kwa mbio moja.

Sindano hufuata, nayo hutawala kati ya robo na robo tatu ya resi, yaani sehemu kubwa ya safari za kila siku. Kuishusha klipu ngazi moja huinua sindano na kuongeza petroli, na kuipandisha hufanya kinyume. Sindano isiyo na ngazi inaweza kuinuliwa kwa washa nyembamba ya nusu milimita.

Mwisho ni sailensa, yaani injini inavyozunguka resi ikiwa imeachiwa. Injini ikiwa imepata moto, funga skrubu ya mchanganyiko polepole mpaka ikae bila kuibana, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Skrubu iliyo upande wa kichujio hupitisha hewa, na kuifungua hufanya mchanganyiko uwe mwepesi, ilhali iliyo upande wa injini hupitisha mafuta, na kuifungua huongeza uzito. Tafuta mahali injini inapozunguka kwa kasi na utulivu zaidi, halafu tumia skrubu ya slaidi kushusha mizunguko hadi kati ya 1,300 na 1,500 kwa dakika. Skrubu ya hewa ikipenda kuwa chini ya mzunguko mmoja, au ya mafuta ikipita mitatu, jeti ndogo, inayopitisha petroli ya sailensa, haitoshi na inahitaji namba inayofuata.

Mwinuko wa mahali nao uhesabiwe. Pikipiki iliyosetiwa Dar es Salaam itakuwa na mchanganyiko mzito Mbeya au Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi; itakula mafuta zaidi lakini haitaungua. Hatari ipo kwa anayetoka juu kwenda pwani, kwani jeti iliyopunguzwa kwa ajili ya milimani itainyima injini petroli. Mtu huyo abebe jeti ya namba ya juu na bisibisi, na aibadilishe mara afikapo, kabla ya kuanza kazi. Baada ya kilomita 200 hivi kaza tena nati za ekzosi, angalia kama pamba imeanza kutoka kwenye mdomo wa nyuma, na fungua plagi mara nyingine.