Jinsi ya kulinganisha bourbon za pipa moja bila lebo kukuamulia

Watu wengi wakinunua bourbon (wiski ya Kimarekani ya mahindi) ya pipa moja wanainywa kama wiski nyingine yoyote, wanafungua mzinga, wanausifia, imeisha hiyo. Sasa hapo hela ya ziada imeenda bure, maana ulicholipia ni utofauti, na utofauti hauonekani kwa kunywa chupa moja. Ziwe mbili, na kama unaweza ziwe za brandi ileile ila mapipa tofauti. Chupa hizi ni bei, kwa hiyo pigeni mchango, kila mtu aje na yake.

Kwa nini mapipa yatofautiane? Bourbon ya kawaida kiwandani wanachanganya mapipa mengi ili ladha ya mwaka huu ifanane na ya mwaka jana. Hii ya pipa moja wanaijaza kwenye chupa kutoka pipa moja peke yake, likiisha limeisha. Sheria ya Marekani inataka mahindi yasipungue asilimia 51, chombo kiwe kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani mpaka kikafanya mkaa, na pombe iingie humo ikiwa na nguvu isiyozidi 62.5%. Pipa la kawaida ni kama lita 200. Unaweza kujaza mawili siku moja, pombe ileile, na bado yakatoka tofauti, kwanza mbao hazikutoka kwenye mti mmoja, halafu kuna suala la yalikaa wapi ghalani. Maghala mengi ya Kentucky, jimbo la Marekani linalojulikana kwa bourbon, yana ghorofa kadhaa, kule juu kiangazi ni joto la kufa mtu, pombe inaingia na kutoka kwenye mbao kwa kasi na maji yanapotea kuliko pombe kwa hiyo nguvu inapanda, chini kumepoa mambo yanaenda taratibu. Kiwanda cha Four Roses wao maghala yao ya Cox's Creek hayana ghorofa, makusudi kabisa, joto lisipishane sana. Ila sasa wana mapishi 10 (nafaka michanganyo 2, hamira aina 5), kwa hiyo utofauti wanautafuta kwa njia nyingine.

Kabla hujafungua soma lebo. Blanton's ndo walioanza kuuza bourbon kwa jina la single barrel, yaani pipa moja, 1984, kazi ya Elmer T. Lee pale Frankfort, Kentucky, kwenye kiwanda ambacho leo ni Buffalo Trace, na lebo yao mpaka kesho inakwambia tarehe pipa lilipomiminwa, namba ya pipa, ghala ni H, na safu lilipolazwa. Piga picha hizo namba. Kama chupa zote mbili zina namba moja ya pipa na tarehe moja, aisee mnalinganisha kitu na chenyewe. Na usichukue chupa iliyobaki robo toka mwaka juzi ukaiweka na iliyofunguliwa leo, hewa ishaibadilisha ile.

Glasi: zile ndogo zenye tumbo na mdomo uliobana, Glencairn ukiwa nazo, huna basi glasi ndogo za wine zinatosha kabisa. Muhimu zote zifanane na zisinuke sabuni. Udi, perfume, jiko la nyama choma, vyote viwe mbali na hiyo meza. Barafu hapana, Coke usiitaje.

Hapa sasa ndo wengi wanafeli: nguvu ya pombe. Blanton's ya kawaida ni 46.5%, Four Roses Single Barrel ni 50%, Russell's Reserve Single Barrel ni 55%. Ukizionja hivyo hivyo unachopima ni ukali tu, yenye nguvu itaonekana "nzito" na "tajiri" wakati imezidi pombe basi. Zishushe zote zilingane na ya chini kabisa. Hesabu yake rahisi, chukua ml ulizomimina, zidisha kwa nguvu iliyopo, gawanya kwa nguvu unayoitaka, kilichozidi juu ya ulichomimina ndo maji ya kuongeza. Russell's 20 ml: 20 mara 55 gawanya 46.5 unapata 23.7 hivi, kwa hiyo maji 3.7 ml. Kanunue bomba la sindano duka la dawa, lile la 5 ml bila sindano yenyewe, utapima vizuri. Maji yawe ya chupa yasiyo na ladha, ya bomba yenye klorini yanaharibu. Ukishaongeza acha itulie kidogo. Unaweza kuanza na kila moja bila maji ukaandika, sawa, ila uamuzi wa mwisho ufanye zikiwa zimelingana.

Halafu mwonjaji asijue anaonja chupa ipi. Ile chupa ya Blanton's ina farasi na mpanda farasi juu ya kizibo, mtu akishamuona tu yule farasi pua inaanza kusikia vitu ambavyo havipo, nimeona watu wazima wakiapa. Kwa hiyo anayemimina asiwe anayeonja. Mimina glasi tatu, mbili pipa moja, ya tatu pipa jingine, weka alama chini ya glasi kwa kipande cha plasta, ampe mwonjaji bila kusema neno. Kazi yake ni kutaja ipi ni ya peke yake, hajaulizwa ipi nzuri. Akipatia mara moja msishangilie, mtu anayebahatisha ana nafasi 1 kati ya 3. Akipatia mara 3 mfululizo hapo bahati ni 1 kati ya 27, sasa tunaweza kuongea. Mkibadilisha raundi badilisheni pia ni pipa lipi linamiminwa mara mbili. Akikosa, mapipa yenu yanafanana au pua imechoka, pumzikeni mrudie kesho.

Mimina kidogo, 10 ml kila glasi inatosha. Na utemee kwenye kikombe jamani, hakuna aibu, ukimeza zote raundi ya tatu unaonja ulevi wako mwenyewe. Aliyeendesha atafutiwe bodaboda.

Kunusa: glasi iwe chini ya kidevu kwanza, ipandishe polepole, mdomo wazi kidogo ili pombe isikuchome pua. Usiige maneno ya wazungu ya "cherry" na "maple" kama hujawahi kuvila. Tuna pua zetu. Harufu ya karafuu humo ni ya kweli, mwaloni una kemikali ya eugenol na ndiyo hiyohiyo iliyojaa kwenye karafuu ya Pemba, vanila nayo inatoka kwenye mbao zilizopata moto, na ile ya ndizi mbivu ni kazi ya hamira. Sukari guru, kungumanga, ngozi ya viatu vipya, tumbaku, andika unachokijua.

Mdomoni izungushe kama unaitafuna, hesabu sekunde kadhaa, tema, halafu sikilizia kinachobaki. Mimi hapa ndipo ninapotofautisha mapipa vizuri zaidi kuliko puani: moja linaacha utamu unakwisha haraka, jingine linaacha mbao na ukavu unaokunja ulimi kama chai iliyokolea, mara nyingi ni lile lililokaa sana au lililokaa juu ghalani. Kila mtu aandike kimya, mkiongea mapema mwenye sauti kubwa ndo atakuwa ameonja kwa niaba yenu wote.

Mkishamaliza fungueni plasta, lete picha za lebo, pangeni nani alisema nini kuhusu pipa lipi. Na kabla chupa hazijakauka jaza vichupa vidogo vya 50 ml mpaka shingoni, funga vizuri, andika namba ya pipa juu, weka kabatini gizani. Siku ukipata chupa nyingine ya brandi hiyo una cha kuilinganisha nacho.